Ukuta wa kuteleza uliompa binti faragha

"Mama, leo nibadilishie nguo wapi?"

Swali hilo la binti wa miaka 13 lilimfanya mama yake, mpangaji wa chumba na sebule jijini Dar es Salaam, aache kukuna nazi. Binti alikuwa akilala sebuleni na mdogo wake wa kiume wa miaka tisa. Wiki ile alikuwa amevunja ungo.

Mwenye nyumba alikataa ukuta wa tofali. Fundi seremala akashauri ukuta wa kuteleza. Kwa sebule ya futi 11 alitumia plaiwudi tatu za futi nane kwa nne, kila moja na reli yake, ili mchana zisukumwe zikae pamoja upande mmoja. Reli zilishikwa na nguzo mbili za mbao zilizofungwa kwa skrubu. Siku ya kuhama, kila kitu kinafunguliwa na kubebwa.

Baba alitaka ufike hadi darini, sauti zisipite. Ukafika. Binti akapata kona yake, yenye dirisha pekee la sebule.

Usiku wa nne, mdogo wake aliamka akihema kwa shida, kifua kikipiga filimbi. Ana pumu. Zahanati walimpa dawa ya kuvuta, kisha daktari akauliza kilichobadilika nyumbani. Mama akautaja ukuta: vumbi la mbao, vanishi iliyopakwa juzi, na mtoto kulala pasipo dirisha. Vumbi na harufu kali huweza kuamsha pumu, na hewa isiyotembea huvibakiza ndani.

Fundi aliitwa tena. Akakata futi moja juu na kushusha reli.

"Sauti zitapita," baba alilalamika.

"Na pumzi nazo zipite, Baba watoto," mama akajibu.

Kijana alilala kwa wazazi hadi harufu ya vanishi ilipoisha. Sasa ukuta hufunguliwa kila asubuhi pamoja na dirisha, na reli hufutwa kwa kitambaa kibichi. Jiko la mkaa, lililokuwa likiingizwa ndani mvua ikinyesha, haliingii tena. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua.

Usiku binti husukuma ubao wa mwisho mwenyewe. Kabla ya kuufunga, huuliza upande wa pili: "Mdogo wangu, unapumua vizuri?"