Njia Zilizochorwa na Miguu

Ukitaka kujua kama chuo kinawajali watu wake, msomaji, usiyatazame majengo yake kwanza. Itazame ardhi iliyo kati ya jengo na jengo. Aghalabu utaona barabara pana ya motokaa ikizunguka kwa madaha, na kando yake kijia chembamba kilichokata majani moja kwa moja.

Wako wasimamizi wanaokiona kijia hicho kuwa ni utundu wa vijana, wakakiziba kwa waya na bango. Mimi sikubaliani nao. Kijia kile ni ushahidi: mamia ya watu wamekata shauri moja pasipo kuitisha mkutano.

Lakini huku kwetu Kisii na Nyamira ushahidi huo hautoshi peke yake. Nchi yetu ni ya vilima, na mvua ni nyingi, hasa tangu Machi hata Mei. Kijia kinachoshuka kilima wima hugeuka mfereji. Maji huuchukua udongo, na mpitaji huteleza. Kwa hiyo mchoraji mwenye busara huuliza kwanza miguu inataka kufika wapi, kisha huuliza maji yatapita wapi.

Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Kisii. Kilianza mwaka 1965 kuwa chuo cha kufunza walimu wa shule za msingi. Mwaka 1994 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mahali palipoanzia na walimu wachache leo pana maelfu ya wanachuo. Chuo kikikua hivyo, kuongeza madarasa bila kuongeza njia za miguu ni sawa na kujenga nyumba isiyo na mlango.

Yafaa kufanywa nini? Motokaa zisimame karibu na lango. Njia ya miguu ipande kilima kwa kupindapinda, yenye mtaro upande wa juu na miti ya kivuli. Penye ngazi, pawe pia na mteremko laini, usiopanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12, ili kiti cha magurudumu kipite. Hiyo si hisani, kwani Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo.

Labda utasema kazi hiyo ni ya gharama. Naam, lakini pasipo njia gharama hulipwa vilevile. Hulipwa na msichana wa magongo afikaye darasani somo likiwa nusu.

Basi kesho, ufikapo shuleni, vitazame vijia. Vichoreni katika ramani wewe na wenzako, mtie alama mahali maji yanaposimama, kisha mpelekeeni mwalimu mkuu kwa adabu.