Mfalme Aliyejua Kukimbia
Kumbukumbu za mzee mchunga nyumbu wa Oviedo, katika ufalme wa Asturias, mwaka 842

Mfalme Alfonso tumemzika mwaka huu katika kanisa la Mtakatifu Maria alilolijenga mwenyewe hapa Oviedo. Ametawala miaka 51. Tangu azikwe, kila mwenye ulimi anasimulia vita vyake, na kila mwezi ukipita idadi ya Wamori waliouawa inapanda. Wapo wanaosema kule Lutos walikufa 70,000. Mimi nilikuwa Lutos. Nilikuwa mvulana wa kushika hatamu za nyumbu wa mizigo wa jumba la mfalme, na yaliyotokea niliyaona kwa macho yangu. Nimeona niyaseme kabla sijamfuata bwana wangu, kwa kuwa sifa anazopewa sasa zinafunika jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Alfonso alijua kukimbia. Alikimbizwa akiwa mtoto, akakimbia akiwa kijana, akakimbia akiwa na taji kichwani, na kila mara alirudi. Vijana wa leo wanaona haya kulitamka neno hilo mbele ya jina la mfalme. Mimi sioni haya hata kidogo. Ufalme huu mwembamba, uliobanwa kati ya milima na bahari, upo hadi leo kwa sababu yeye hakukubali kufa siku ambayo maadui zake walitaka afe.

Bibi yangu alitulea kwa habari za Pelayo, jinsi alivyokataa kulipa kodi kwa liwali wa Gijón, akapanda Covadonga na watu wachache, na mawe yakawashukia wale waliomfuata. Ndiye aliyekuwa mfalme wetu wa kwanza. Lakini bibi alipenda zaidi kutueleza kilichotangulia, na ndicho kilichonikaa moyoni. Mwaka 711 Rodrigo, mfalme wa Wagothi, alishuka kusini na jeshi lake lote kupambana na Tariq, kamanda wa Wamori. Alisimama, akapigana, akaanguka. Ufalme uliokuwa na Toledo, Mérida, Sevilla na Córdoba, wenye maaskofu na hazina na sheria zilizoandikwa, ulivunjika kwa pigo hilo moja, maana hapakubaki mtu wa kumfuata. Bibi alikuwa akisema kwamba Rodrigo alikuwa shujaa, kisha ananyamaza.

Baada ya Pelayo wafalme wetu hawakuwa malaika, wala hawakupigana na Wamori kila siku kama wanavyoimbwa. Fruela, baba yake Alfonso, alimuua ndugu yake Vimarano kwa mkono wake, na yeye mwenyewe akauawa na watu wake pale Cangas mwaka 768. Silo aliishi kwa amani na Córdoba muda wote wa utawala wake, na watu walisema ni kwa sababu ya mama yake. Mtoto Alfonso alifichwa katika monasteri ya Samos. Silo alipokufa mwaka 783, malkia Adosinda, shangazi yake Alfonso, alimsimika kijana huyo kwenye kiti, lakini Mauregato akamnyang'anya, naye akakimbilia Álava kwa ndugu za mama yake. Huyo mama, Munia, alikuwa mateka wa Kibaski kabla Fruela hajamwoa. Nalitaja hilo makusudi, na nitaeleza sababu.

Mwaka 791 mfalme Bermudo, aliyekuwa shemasi, alishindwa na Wamori kwenye mto Burbia. Akavua taji kwa hiari yake akampa Alfonso. Alfonso akaja kukaa Oviedo, mji alioujenga baba yake, na ndipo baba yangu alipopata kazi katika zizi la jumba.

Yakaja yale ya mwaka 794. Sisi hapa tunahesabu kwa Era ya Hispania na kuuita 832, lakini nafuata hesabu ya Wafaranka ili wageni wanielewe. Amiri Hisham wa Córdoba aliwatuma ndugu wawili, Abd al-Karim upande wa Álava, na Abd al-Malik kuja kwetu. Abd al-Malik aliingia Oviedo. Makanisa aliyoyaacha Fruela yalibomolewa, na nyumba zikachomwa moto. Sisi tulikuwa milimani tukiutazama moshi.

Wengi wanaanzia hapo kusimulia ushindi wa Lutos, na wanaanzia pasipofaa. Mfalme hakushuka kuutetea mji. Wakuu wake walimsihi, mmoja akilia machozi, naye akakataa. Alisema nini sikusikia, nilikuwa mbali na wakubwa. Nilichokiona ni kwamba tulikaa kimya siku kadhaa, bila moto wa kupikia, mpaka jeshi lile liliposhiba nyara na kuanza kurudi kwao kupitia njia ya milima. Watu waliobeba mali hawatembei kama watu wanaokwenda vitani. Msafara ulirefuka, wa mbele hawakuweza kuwaona wa nyuma, mikokoteni ikakwama na farasi wakachoka. Lutos ni bonde lenye kinamasi. Walipojaa mle ndani, watu wetu waliteremka pande zote mbili, wengine na mikuki ya kurusha, wengine na miundu ya kukatia majani. Farasi walizama hadi matumboni. Abd al-Malik aliuawa pale pale.

Maiti hatukuwahesabu. Hakuna aliyewahesabu. Ila kazi yangu ya maisha ni kulisha wanyama, na naweza kusema hivi: watu 70,000 na farasi wao hawaenei katika bonde lile, na nyasi zake zisingewatosha hata asubuhi moja. Waliokufa walikuwa wengi mno kwa mtoto kuwaona. Hiyo inatosha.

Mwaka uliofuata tuliulipia ushindi ule. Abd al-Karim alikuja mwenyewe, ndugu wa marehemu, akipitia Astorga. Walisema ana wapanda farasi 10,000. Safari hii mfalme alitangaza mapema: watu wa mabondeni wote wapande milimani na mifugo yao, waache mashamba. Wapo waliotii na wapo waliosita. Dada yangu alikuwa na ng'ombe mmoja aliyekaribia kuzaa, akasema atapanda kesho yake. Kikosi cha mbele cha wapanda farasi kilipita kijijini kabla ya hiyo kesho. Tulimkuta ndama amezaliwa. Dada hatukumwona tena. Waliochukuliwa walipelekwa Córdoba kuuzwa, na huko wako wengi wa kwetu, wakipika, wakizaa na kuzikwa.

Mfalme alipigana mlimani akashindwa. Gadaxara, akida wake, alitekwa kwenye mto Quirós. Sisi tulikimbia usiku hadi ngome iliyo kando ya mto Nalón, tukaambiwa tupakie, kisha tukaambiwa tusipakie chochote. Tuliacha ghala zimejaa ngano, ulezi na nyama kavu. Tukafika Oviedo, na kabla nyumbu hawajapoa tukaondoka tena. Adui aliingia mjini kwa mara ya pili, akaubomoa kwa mara ya pili, akamtafuta mfalme kila pembe asimpate.

Nilisikia kwa masikio yangu watu wakimwita mwoga. Baba yangu alikuwa mmoja wao, maana alikuwa anamlilia binti yake, na sikumlaumu. Lakini miaka ikipita nimepima jambo hili mara nyingi, na kila mara napata jibu lile lile. Jeshi la Córdoba huja kiangazi na lazima lirudi kabla mvua hazijaharibu njia za mlimani. Hapa hakuna mji mkubwa wa kukalia, hakuna ghala za kulisha maelfu wakati wa theluji. Kitu kimoja tu kingewapa ardhi hii, nacho ni kichwa cha mfalme. Wangempata, wakuu wa Galicia wangeshika njia yao, Wabaski yao, na sisi wa katikati tungekuwa walipa kodi wa amiri hadi leo. Rodrigo aliwapa siku moja wakaimaliza kazi. Alfonso aliwapa mji mmoja wa majivu mara mbili na ghala moja la ngano, akabaki na ufalme.

Mwaka 796 Hisham alifariki. Mwanawe al-Hakam alikuta ami zake, Sulayman na Abdallah, wanakitaka kiti, na Toledo nayo ikaasi. Mkono uliokuwa unatupiga ukawa na kazi nyumbani. Watu husema Mungu alitufungulia mlango, nami naamini hivyo. Ila ilibidi awepo mtu hai wa kupita mlangoni.

Alfonso alipita. Mwaka 798 tulikwenda hadi Lisbon, mbali kuliko mfalme yeyote wetu aliyewahi kufika, tukaiteka na kuipora. Nilikuwa nimeshapevuka, nikiongoza kundi zima la nyumbu. Tulirudi na deraya, nyumbu wazuri wa kusini na mateka. Baadhi ya vitu hivyo mfalme aliwapa mabalozi wake Froila na Basilisco wampelekee Karolo, mfalme wa Wafaranka, pamoja na mateka wa Kimori, ili ijulikane huko Aachen kwamba Asturias ipo na inapumua. Kabla ya hapo Froila alikuwa ameshampelekea hema zuri ajabu.

Wale mateka niliwaongoza mimi kwa sehemu ya njia. Hili halisimuliwi na waimbaji, na kwangu ndilo zito kuliko Lutos. Walifungwa kwa kamba za ngozi zile zile tulizofungia mizigo. Mmoja alikuwa mzee wa rika la baba yangu, na usiku alikuwa akitaja majina. Lugha yake sikuijua, lakini majina ya watu hutambulikana, hasa yanapotajwa moja baada ya jingine, kisha yakarudiwa. Nilimpa maji. Kumfungua sikumfungua. Nilikuwa na dada Córdoba, na usiku ule nilielewa kwamba mahali fulani kijana wa Kimori alimwongoza dada yangu hivyo hivyo, na pengine alimpa maji. Mama wa mfalme wetu alikuwa mateka. Mauregato alizaliwa na mtumwa. Vita hivi vya wafalme, vyetu na vyao, vimekuwa vikilishwa na watu wa namna hiyo, na majina yao hayaandikwi popote.

Mwaka wa 11 wa utawala wake mfalme aliangushwa na watu wake mwenyewe, si Wamori, wakamfungia katika monasteri ya Ablaña. Theuda na waaminifu wengine walimtoa. Alirudi na kuendelea pale alipoachia.

Kilichofuata kilikuwa kujenga. Mwaka 808 aliutoa ule msalaba wa mti uliofunikwa dhahabu na vito, na mwaka 812 akaliandikia kanisa la Mwokozi zawadi na mali zake. Kanisa hilo lilisimama tena palipokuwa na majivu, na ndani yake madhabahu ya mitume 12. Fundi mkuu alikuwa Tioda. Nyumbu wangu walibeba mawe miaka mingi, na bado naweza kukuonyesha ukuta upi tulianza nao. Nje ya mji akajenga kanisa la Mtakatifu Juliani, kuta zake zimechorwa mapazia, majumba na nguzo, wala hakuna sura ya mtu hata moja. Nalipenda kuliko yote. Huko Galicia, Askofu Teodemiro wa Iria akasema amepata kaburi la Mtume Yakobo, na mfalme akaamuru lijengewe kanisa.

Halafu kuna habari ya Mahmud, na mapadri vijana wanaruka ukurasa wake. Alikuwa Mberberi wa Mérida, Mwislamu, aliyemwasi amiri wake akakimbia. Alfonso alimpokea akampa mahali pa kukaa Galicia, na alikaa kwetu miaka saba. Mwisho akaasi tena, akajifungia katika ngome ya Santa Cristina, akauawa, na kichwa chake kikaletwa kwa mfalme. Basi asiniambie mtu kwamba vilikuwa vita vya wabatizwa wote dhidi ya Waislamu wote. Mfalme aliyekuwa mkimbizi alimfungulia mkimbizi mwenzake, mpaka siku upanga ulipotolewa.

Alfonso hakuoa wala kuacha mtoto. Mwili wake haujapoa vizuri, Nepociano wa jumba la mfalme akajitwalia kiti. Ramiro, mwana wa yule Bermudo, akaja kukidai, wakakutana kwenye daraja la mto Narcea, na Nepociano ametobolewa macho na kutiwa monasterini. Ndivyo tulivyo.

Nawaomba ninyi wenye kalamu, mtakaoandika habari za Alfonso: andikeni Lutos, kwa idadi ya kweli au bila idadi. Lakini andikeni pia mwaka 795, na ghala la Nalón tuliloliacha limejaa, na mfalme aliyetoka Oviedo usiku huku watu wake wenyewe wakimtukana. Hiyo ndiyo vita aliyoshinda. Tangu mwaka huo hadi leo ninaposema haya, Oviedo haijachomwa moto tena na Wamori.