Mama, hili gari limefungwa bandeji? (Sehemu ya 12)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa tuongee.

Mwanangu wa miaka 10 anapenda magari kuliko wali. Juzi alinishikisha simu ya baba yake: gari la mbio, la chini chini, limezungushiwa michoro myeusi na myeupe mwili mzima. "Mama, hili gari limefungwa bandeji?"

Nilicheka. Kumbe ni gari ambalo bado halijaanza kuuzwa. Kiwanda kikilijaribu barabarani hulivisha plastiki yenye michoro ya kuchanganya macho, na wakati mwingine hubandika vipande vya uongo ili umbo lisijulikane. Hawataki washindani walione, wala hawataki mteja aache kununua la sasa akisubiri jipya.

Hapa Magoma wazee hawakuzoea hivyo. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalibandikwa namba kubwa ili yaonekane. Haya yanajificha. Kujaribiwa kwenye joto hupelekwa Upington, Afrika Kusini. Kwenye baridi ni Arjeplog, Uswidi, juu ya maziwa yaliyoganda. Yale ya mbio huzungushwa Nürburgring, Ujerumani, njia ya kona nyingi yenye karibu kilomita 21.

Na huko wapo watu kazi yao ni kuvizia na kamera. Wanaangalia visivyofichika: umbali wa tairi la mbele na la nyuma, ukubwa wa breki, bomba la moshi kama lipo, mlio.

Halafu mtoto akanionyesha kibandiko kidogo cha njano, cha duara. Tukatafuta maana yake. Gari la majaribio linalotumia mafuta pamoja na umeme hubandikwa hicho, ili likipata ajali waokoaji wajue ndani kuna umeme mkali kabla hawajaligusa. Wanaovizia wakikiona tu, siri imeshatoka. Kiwanda kinajua hivyo, na bado kinabandika.

Wamama, hapo nilinyamaza.

Kuna usiku mmoja mama aliniletea mtoto analegea, anasinzia hovyo. Nikauliza, "Umempa dawa yoyote nyumbani?" "Hapana, nesi." Nikarudia mara tatu, jibu ni hilo hilo. Alfajiri ndipo bibi wa mtoto akanivuta pembeni: jioni walimnywesha dawa ya mizizi, vijiko viwili. Mtoto alipona, ila tulipoteza saa nyingi tukitafuta gizani. Nilipomuuliza yule mama kwa nini, akasema, "Niliogopa utanifokea."

Na kweli, kuna siku ningemfokea. Nakiri.

Kwa hiyo naomba hivi. Jirani mfiche, wifi mfiche, ni mambo yako. Ila mimi niliyemshika mwanao usinifiche. Mizizi, vidonge vilivyobaki vya kaka yake, ameanguka kitandani, sema. Sema ni nini, kiasi gani, saa ngapi. Kama kuna chupa au majani, njoo nayo.

Na siku nikianza kukufokea, niambie tu: "Nesi, kibandiko cha njano." Nitaelewa.

Tuonane sehemu ya 13.