Siku binti yangu alipokuwa mkalimani wangu kwa daktari

Mdogo wangu anasafiri mwezi ujao. Anamfuata mumewe Uingereza pamoja na watoto wao wawili, na kila jioni ananipigia simu kuuliza abebe nini. Dagaa? Unga wa dona? Khanga ngapi? Mimi nimeishi huko miaka minne wakati baba watoto akisoma, kwa hiyo ananiona mtaalamu. Juzi nikamwambia: unga utapata, bamia utapata, hata dagaa ukizitafuta utazipata. Wewe chukua daftari, tuandike Kiingereza cha kuongea na daktari.

Akacheka. "Dada, mimi nimemaliza kidato cha nne. Kiingereza hakinipigi chenga kiasi hicho."

Na mimi nilimaliza kidato cha nne. Biolojia nilifaulu vizuri tu. Mpaka leo ukinipa karatasi nitakuchorea tumbo na utumbo, na kila sehemu nitaiandikia jina lake kwa Kiingereza. Lakini siku tumbo langu mwenyewe liliponiuma ugenini, sikujua kusema kwamba linanyonga, linatulia, halafu linarudi. Hilo hatukufundishwa. Darasa la kwanza mpaka la saba tulisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tukahamishiwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kikawa cha kujibia mtihani.

Mara yangu ya kwanza kwa daktari kule nilikuwa na kikohozi cha wiki tatu, usiku silali. Daktari akafungua mlango, akatabasamu, akasema, "How are you?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kama tulivyokuwa tukijibu darasani tukiwa tumesimama: "I am fine, thank you." Nikanyamaza. Naye akanyamaza, akiningoja. Huwezi kuamini jinsi kimya kile kilivyokuwa kirefu. Nilijisikia mjinga, kwa sababu mtu aliye mzima amekuja kufanya nini pale?

Vichekesho vingine vilifuata. Kijana wangu, wakati huo ana miaka mitatu, aliharisha siku mbili. Nyumbani kwetu tunasema mtoto anaendesha. Nikamwambia nesi, "My son is driving since yesterday." Nesi akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema hongera. Siku nyingine nikaulizwa kama natumia "drugs". Huku kwetu neno hilo tunaliona kwenye vibao vya maduka ya dawa, na mimi nilikuwa nameza vidonge vya vidonda vya tumbo, nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Yes, every morning." Kumbe anauliza dawa za kulevya. Za hospitali wanaita "medicine" au "medication", na ukiulizwa "Are you on any medication?" taja mpaka mwarobaini unaokunywa, maana zipo dawa za mitishamba zisizopatana na za hospitali.

Na saa. Nilipewa miadi ya "two o'clock", nikaandika kwenye kalenda ya jikoni "saa 2". Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa nje ya mlango uliofungwa, baridi inanikata masikio. Walikuwa wananitegemea saa nane mchana.

Hayo tunacheka. Lililonifanya nimkalishe mdogo wangu na daftari ni jambo jingine, na nimekaa nalo muda mrefu bila kulisema nje ya nyumba yangu.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Watoto wanaokota lugha haraka, ndani ya miezi sita alikuwa anaongea kama amezaliwa kule. Taratibu akawa msemaji wa nyumba. Dukani yeye, shuleni kwenye kikao cha wazazi yeye, fundi wa bomba akija yeye. Nilijivunia. Wageni wakija nilimwambia aongee kidogo wamsikie.

Nilikuwa na mimba ya karibu wiki kumi. Hakujua mtu isipokuwa mume wangu, kwetu mimba changa haitangazwi. Asubuhi moja, watoto wakiwa likizo, nikaona damu. Baba watoto alikuwa safarini kwa ajili ya masomo yake. Mdogo nikamwacha kwa jirani. Mkubwa nikamchukua, ili anisaidie lugha. Naomba ieleweke kwamba ni mimi niliyemchukua. Hospitali nayo ilikosea, nitasema, lakini mkono wa mtoto niliushika mimi.

Mapokezi waliniuliza maneno mawili matatu, wakaona namtazama mtoto, wakaanza kuongea na mtoto. Ikawa hivyo mpaka chumba cha daktari. Daktari alikuwa mpole, na alikuwa na haraka. Akamwambia binti yangu aniulize "period" yangu ya mwisho ilikuwa lini.

"Mama, anauliza kipindi chako cha mwisho kilikuwa lini."

Kipindi. Neno alilolijua kutoka shule, kipindi cha hesabu, kipindi cha sayansi. Nikamjibu, "Kipindi gani? Mwambie mimi sisomi." Naye akageuka, akamwambia daktari kwamba mama hana. Daktari akaandika. Mwanamke mjamzito anayetoka damu, na kwenye karatasi yake kimeandikwa kitu ambacho sikukisema. Ilibidi daktari aonyeshe kalenda ukutani, aonyeshe tumbo, ndipo nikashtuka. Nikajibu mwenyewe kwa vidole, nikiona aibu kwa sababu mtoto anatazama.

Nikapimwa kwa ultrasaundi. Mtoto alisimama upande wa kichwa changu, pazia katikati. Kisha tukarudi kwa daktari, akasema sentensi moja, polepole, akimtazama yeye.

"Mama, daktari anasema mtoto ameacha kukua."

Halafu akanigeukia kabisa. "Mtoto gani, mama?"

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka karatasi niliyopewa, na kwamba mtoto aliisoma kwenye basi kwa sauti ya chini, akiruka maneno asiyoyajua. Usiku alikuja chumbani. Akaniambia, "Mama, labda nilikosea. Labda hakusema hivyo. Turudi tukamuulize." Nikamwambia hakukosea. Hakuamini. Siku tatu baadaye baba yake alimkuta kakaa sakafuni na kamusi, ameifungua kwenye herufi G, anatafuta "growing".

Baada ya hapo alikataa kunisindikiza hata duka la dawa. Akiona barua ya hospitali mezani anaondoka. Alikuwa amebeba habari ambayo hata mtu mzima haiwezi, na kwa akili yake ya kitoto aliona kama ni mdomo wake uliosababisha.

Nilipokuja kupata nguvu nikaenda maktaba ya mtaani. Kulikuwa na darasa la bure la Kiingereza kwa akina mama, wiki mara moja, mwalimu mama mstaafu. Siku ya kwanza aliuliza kila mmoja anataka kujua kusema nini. Wengine walisema kazi, wengine dereva wa basi. Mimi nilisema daktari. Akaniambia nianze na sentensi moja, na mpaka leo ndiyo niliyomwandikisha mdogo wangu ukurasa wa kwanza: "I need a Swahili interpreter, please." Nahitaji mkalimani wa Kiswahili, tafadhali.

Hapo ndipo nilipojua kwamba huduma ya afya ya umma ya kule inatakiwa kukutafutia mkalimani, na mgonjwa halipi. Mwongozo wao wenyewe kwa vituo vya afya unasema mtoto wa chini ya miaka 16 asitumike kutafsiri, labda iwe dharura ambayo haingoji. Yaani siku ile mtu mmoja angeinua simu. Hata mapokezi hakuna aliyeinua, na mimi sikujua kuomba. Kwa hiyo sema mapema, siku unapopiga simu kuomba miadi, usingoje mpaka umeshakaa kwenye kiti. Hata ukipiga 111, namba ya ushauri wa ugonjwa usio wa kufa na kupona, unaweza kuomba mkalimani. Ya kufa na kupona ni 999.

Mara ya kwanza nilipotumia sentensi yangu, daktari aliweka simu mezani, akabonyeza spika, ikasikika sauti ya mama wa Kongo. Kiswahili chake si changu, daktari alimwita munganga, na maneno mengine ilibidi turudie. Lakini alikuwa mtu mzima. Nilimweleza habari za hedhi, za damu, za ile mimba, bila kumung'unya. Nililia pia, akaningoja.

Mkalimani hapatikani kila saa, kwa hiyo nilijifunza na vyangu. Daktari wa kule anauliza maumivu kwa namna: ni ya kuchoma kama moto, "burning"? Ya kuchoma kama kisu, "sharp"? Sisi kuchoma ni kuchoma tu, wao ni magonjwa mawili tofauti. Ya kuja na kuondoka ni "it comes and goes". Hiyo ndiyo sentensi niliyoikosa siku ya tumbo. Mkono na mguu navyo wamevigawa, "hand" inaishia kwenye kiganja na "foot" kwenye kisigino, ukikosea unapimwa kusikouma. Halafu kuna kipimo cha moja mpaka kumi, eti maumivu yako ni ngapi. Mimi nilisema tatu huku nimeng'ata khanga. Tumelelewa hivyo, mtu akikuuliza hali unasema namshukuru Mungu. Kule ukisema tatu utakaa kwenye foleni na tatu yako. Kama ni nane, sema nane.

Na ukitoka usitoke kichwa kinazunguka. "Could you write it down, please?" Aandike. Kisha mrudishie alichosema: "One tablet, three times a day, after food?" Ni ile ile 1x3 tuliyoizoea kwenye pakiti zetu, kimoja kutwa mara tatu. Akisema "yes" mmeelewana. Nadhani hii hata anayekwenda India kutibiwa itamfaa, maana daktari wa kule naye mtaongea Kiingereza.

Jambo moja nilimwandikisha mdogo wangu kwa wino mwekundu, na wewe unayekuja likizo na watoto ulisikie. Hapa nyumbani mtoto akipata homa kila mtu anawaza malaria. Kule wanawaza mafua. Usipotaja safari huenda asiwepo atakayekumbuka, na malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kurudi, hata miezi.

Mwaka wa mwisho tulikuja Morogoro likizo. Wiki mbili baada ya kurudi kule, kijana akaamka wa moto, anatetemeka. Nikapiga 111 mwenyewe, wakatuelekeza hospitali. Mkalimani hakupatikana kwa haraka ile, nikasema niliyokuwa nayo: "He has a fever since last night. We came back from Tanzania two weeks ago. There is malaria there. Please test him for malaria." Sarufi sijui, lakini nesi aliacha kuandika akanitazama, na damu ikachukuliwa saa ile ile. Majibu yakarudi "positive", neno ambalo hospitalini si jema hata likisikika kama jema. Akalazwa, akatibiwa, akapona.

Binti yangu alikuwepo, kwa hiari yake, ana miaka kumi na tatu, amekaa kona na kitabu chake. Daktari alipoingia na majibu alinitazama mimi na khanga yangu, kisha akamgeukia yeye, akamuuliza kama anaweza kumwelezea mama.

Hakuinua macho kwenye kitabu. Akamjibu kwa Kiingereza, "Mwambie mwenyewe. Anasikia."