Urithi wa Kibanja, Urithi wa Vitabu



Wapendwa waamini, juma la Noeli lina desturi yake katika mkoa wa Kagera, tulikozaliwa. Mabasi hufika Bukoba yamejaa watu wanaorudi nyumbani, na kila mmoja amefunga mzigo wake: sukari, mchele, vitenge vya akina mama, viatu vya watoto. Nasi, baada ya kumaliza ibada za sikukuu parokiani, tulipata siku sita za kwenda kuwaona ndugu zetu. Katika mzigo wetu mlikuwa na vitabu vitatu: Biblia, riwaya moja, na nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nakala hiyo tuliibeba kwa sababu shangazi yetu wa Muleba alikuwa ametupigia simu mwezi Oktoba, akiwa na fadhaa kubwa moyoni.

Siku ya kwanza tulilala Bukoba mjini, kwa dada yetu. Asubuhi tulikwenda Kanisa Kuu kusali kwenye kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, ambaye masalia yake yalihamishiwa hapo mwaka 2012 kutoka Kashozi. Huyu ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, mwaka 1960, na jina lake limepewa shule ya sekondari ya wasichana iliyopo hapo hapo Bukoba. Mpwa wetu wa kike, anayesoma kidato cha tatu, aliomba tufuatane naye hadi Muleba. Tukapita Kyetema, Kemondo na Muhutwe, yeye akiwa ameipakata ile riwaya na kuisoma njia nzima.

Riwaya yenyewe ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ya Aniceti Kitereza. Mwandishi huyu alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, lakini elimu yake aliipata kwetu, katika Seminari ya Rubya, ambayo leo iko wilayani Muleba. Aliiandika kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baadaye. Naye akafariki mwaka 1981 kabla ya kuishika nakala mkononi. Yeye na mkewe hawakujaliwa kubaki na mtoto hata mmoja, kwani wote waliowapata walifariki. Na kitabu chenyewe kinaanza na mume na mke waliokosa mtoto, wanaosumbuliwa na ndugu, lakini wasiokubali kuachana. Hivyo, mtu ambaye mila ingemhesabu kuwa hana mrithi ametuachia sisi sote urithi.

Sasa tuseme habari ya shangazi. Mumewe alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, na ndugu wa mume wakamrudisha kwao mikono mitupu. Alipewa sehemu ya kibanja cha babu yetu, upande wa bondeni, ambako migomba ilikuwa imechoka. Akaweka samadi na nyasi mwaka hadi mwaka, akang'oa migomba iliyoshikwa na mnyauko, akapanda mibuni mipya. Leo upande ule ndio unaolisha nyumba nzima. Na sasa vijana wa ukoo walikuwa wamependekeza kibanja kigawanywe kwa watoto wa kiume, naye shangazi apewe chumba nyuma ya jiko la mkubwa wao.

Jioni ya tarehe 28 Desemba tulikaa sebuleni, wakubwa kwa wadogo. Tulikuwa tumekula ndizi kwa samaki, na senene wa msimu uliopita wakipitishwa katika kikapu pamoja na kahawa za kutafuna. Mpwa wetu alisoma kwa sauti kurasa za mwanzo za Kitereza, na wazee wakacheka kwa kuwatambua wakwe wa aina ile. Kicheko kilipotulia, tuliomba ruhusa ya kusoma sura ya 27 ya kitabu cha Hesabu. Ni habari ya binti watano wa Selofehadi, ambao baba yao alikufa bila kuacha mtoto wa kiume. Walisimama mbele ya Musa na wazee wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Na Mungu akajibu kwamba wana haki, wapewe urithi.

Baba mkubwa, aliyekuwa katekista kwa miaka mingi na ambaye sasa ana miaka themanini na miwili, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akaichukua Biblia, akafunua mbele kidogo. "Padre, wewe ni mtoto wetu na tunakuheshimu, lakini umesoma nusu," akasema. Akasoma sura ya 36, ambapo wazee wa ukoo huo huo wanalalamika kwamba binti hao wakiolewa kabila lingine, ardhi itawafuata. Wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. "Unaona? Hata wakati wa Musa, ardhi ya ukoo ilikuwa ya ukoo."

Hofu ya mzee huyu si ya kudharauliwa. Kibanja cha Mhaya kina makaburi ya wazee wake. Kikiuzwa, hata mahali pa kuweka shada huhitaji ruhusa ya mgeni. Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 iliitambua hofu hiyo kwa kumruhusu binti kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Lakini mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mpwa wake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo, huku huku wilayani Muleba. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Sheria ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hayo tuliyaeleza polepole, na nakala ikapita mkono kwa mkono.

Mpwa wetu akauliza kwa adabu: "Babu, katika hiyo sura ya 36, wale mabinti walinyang'anywa mashamba?" Mzee akaangalia tena ukurasa. "Hapana," akajibu. "Hawakunyang'anywa."

Hapo shangazi, ambaye jioni nzima alikuwa hajatamka neno, akasema: "Waitu, mimi siuzi. Ninataka nikiamka asubuhi nisijiulize nitafukuzwa lini."

Kesho yake vijana walichomeka vijiti vya mulamula kuzunguka sehemu ya shangazi, na mulamula, kama mjuavyo, hushika hata kwa kijiti. Hati ya makubaliano iliandikwa, wakatia saini watatu. Baba mkubwa bado hajatia. Amesema atasubiri Pasaka, ndugu wa Karagwe wakija, na ameomba abaki na nakala ya sheria aisome mwenyewe. Tunamwombea, nanyi mtusaidie kumwombea, kwa maana bila jina lake amani ya shangazi haijakamilika.

Ndugu wapendwa, sheria njema imekuwepo kwa miaka mingi, na Maandiko kwa miaka mingi zaidi, lakini vyote hubaki kabatini mpaka mtu avifungue mbele ya watu vinaowahusu. Shangazi hakujua kwamba wilaya yake mwenyewe ilikuwa chanzo cha hukumu iliyomtetea. Mkienda kwenu sikukuu ijayo, bebeni sukari, na bebeni kitabu. Msome kwa sauti, hata kile ambacho mzee atawapinga kwacho, na mwacheni afungue ukurasa wake. Waulizeni wajane wa nyumba zenu wanalala wapi na wanalima kwa idhini ya nani. Na ninyi wenye vibanja, andikeni wosia mbele ya mashahidi mngali wazima, mkiwataja binti zenu kwa majina, kama walivyotajwa wale watano.

Mungu awabariki.