Bilauri ya Maji

Huko Kasenga, kando ya mto Luapula, mkulima mmoja alipanda viazi vya kizungu bustanini mwake. Viazi viliota vizuri. Siku moja mchana mwanawe aliona mche mmoja umenyauka, na majani yake yangali mabichi.

"Baba, mche huu una kiu," alisema mtoto, akaumwagia maji. Siku ya pili miche mitano ilikuwa imenyauka, ingawa udongo ulikuwa na unyevu.

Baba aling'oa mche mmoja, akakata kipande cha shina karibu na mizizi. Akakitundika kwa uzi katika bilauri ya maji safi. Wakangoja. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zilishuka kutoka shinani.

"Hivyo ni vijidudu," alisema baba. "Kimoja hakionekani kwa macho, lakini vikiwa vingi namna hii huonekana. Vimeziba mishipa ya mche, maji hayapandi. Shina lililonyauka kwa jua tu halitoi nyuzi hizo."

Kisha akakata kiazi. Ndani mlikuwa na duara la rangi ya kahawia, na alipokiminya, ute mweupe ulitoka. Viazi vya namna hiyo mwishowe huoza na kunuka.

Vijidudu hivyo huitwa bakteria. Erwin Smith, mtaalamu wa Marekani, alieleza habari zao mwaka 1896. Hupenda joto. Hukaa udongoni, husafiri kwa maji, kwa jembe, kwa viatu, na zaidi kwa mbegu. Hushambulia hata nyanya na bilinganya. Hakuna dawa ya kuponya mche uliougua.

Basi jirani alikuwa amekwisha kulipa fedha ili apate mbegu.

"Tumpe hivi visivyo na doa," alisema mtoto.

"Mwanangu, kiazi huweza kuwa kizuri nje, na ugonjwa umo ndani. Nikimpa hivi, nitakuwa nimepanda ugonjwa shambani mwake."

Baba alirudisha fedha zote, ingawa alizihitaji sana. Wakang'oa miche iliyougua pamoja na viazi vyake, wakaichoma moto. Wakaosha majembe. Misimu iliyofuata walipanda mahindi mahali pale, kwa maana mahindi hayapatwi na ugonjwa huo.

Juma lile lile majirani watatu walikuja kuazima ile bilauri.