Gugu Linalojifanya Mpunga

Bondeni Kabuye, kaskazini mwa Kigali, si mbali na kiwanda cha sukari, shangazi alikuwa na jaruba la mpunga. Sisi watoto wa Biryogo, mtaa wa Kigali, tulipelekwa huko likizo kusaidia palizi. Gugu lililomsumbua kuliko yote ni lile la jamii ya nyasi ambalo wataalamu huliita Echinochloa. Likiwa changa linashabihiana na mpunga kwa rangi na kimo. Siku zile mbegu zilimwagwa kwa mkono, na watu walingoja suke lichomoze, la zambarau na lenye matawi, ndipo walitambue. Kufikia hapo limekwisha kula mbolea, na mbegu zake, ambazo huiva kabla ya mpunga, zinapukutikia topeni. Shina moja huzaa maelfu.

Baadaye agronomu wa ushirika alituonyesha pa kutazama. Kunjua jani pale linapoachana na bua: mpunga una ulimi mweupe mwembamba na vijisikio vyenye vinyweleo; Echinochloa pako patupu.

“Kumbe mwizi huyu hana masikio!” shangazi akacheka, na tangu hapo alipalilia akiwa ameinama zaidi.

Mpango wa serikali wa kuongeza mazao ulianza 2007, mpunga ukiwa miongoni mwa mazao yaliyopewa kipaumbele. Miche ya kitaluni ikapandikizwa kwa mistari, tope likasawazishwa, maji yakaachwa yasimame, maana mbegu za gugu hili huota kwa shida chini ya maji. Kilichoota nje ya mstari kiling'olewa bila kesi. Ndani ya mstari, bado ni kazi ya vidole.

Na vidole hivyo ndivyo vilivyolifunza ujanja. Mtaalamu wa mimea Mrusi, Nikolai Vavilov, aliliona hili karne iliyopita: ukiking'oa kisichofanana na zao, kinachobaki kuzaa ni kinachofanana. Watafiti waliochunguza jeni za Echinochloa ya bonde la Yangtze, China, wanakadiria mfanano huo ulianza kama miaka 1,000 iliyopita.

Sasa ugomvi wa shangazi ni kingo za mitaro. Jaruba lina mwenyewe, ukingo hauna, na maji hubeba mbegu kutoka kwa jirani hadi jirani. Kingo hufyekwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Yeye anataka zifyekwe kabla nyasi haijatoa suke, kalenda iseme itakavyo.